Kubadilisha kitambaa cha vazi la avata ndani ya Second Life, hatua kwa hatua

Vazi la avata, yaani mwili wa kidijitali unaokuwakilisha, halina uzi hata mmoja. Ni umbo la pembetatu ndogondogo, tupu kabisa, na juu yake imevikwa picha. Picha hiyo, ambayo watengenezaji huiita teksicha, ndiyo inayolifanya jicho liamini kwamba hili ni gauni la hariri na lile ni koti la ngozi. Ukibadilisha picha, umbo linabaki lilelile lakini vazi linakuwa jipya.

Wengi wanaoanza huikabili kazi hii kama wachoraji: wanafungua picha tupu na kuanza kupaka rangi. Nakushauri uikabili kama fundi cherehani. Fundi hulijua shati kabla halijawa shati: vipande viwili vya mbele, mgongo, mikono, ukosi, mfuko. Anajua kipande gani kinakutana na kipi, na mistari ya kitambaa itapita wapi ikishonwa. Teksicha ya nguo ni hivyohivyo. Vazi limefumuliwa mishono yote, vipande vikalazwa bapa juu ya mraba mmoja. Mpangilio huo ndio ramani ya UV. Herufi U na V ni majina ya mihimili miwili ya picha, kwa kuwa X, Y na Z zilishachukuliwa na umbo lenyewe.

Natumia Second Life, ulimwengu wa mtandaoni uliofunguliwa na kampuni ya Linden Lab mwaka 2003, kwa sababu humo mkazi wa kawaida anaruhusiwa kupakia picha yake na kuivaa siku hiyohiyo. Kwingine misingi haibadiliki, ila vipimo na vitufe hutofautiana. Roblox, jukwaa la michezo ya mtandaoni, kwa mfano, ina kiolezo chake cha shati la kawaida chenye pikseli 585 kwa 559, na huwezi kukikwepa.

Kwanza kabisa, soma ruhusa za vazi

Kila kitu ndani ya Second Life kina ruhusa tatu: kunakili, kurekebisha na kumpa mtu mwingine. Bofya kulia jina la vazi kwenye Inventory, yaani ghala la vitu vyako, fungua sifa zake, usome. Ukiona maneno no modify pembeni ya jina, hutaweza kubadilisha kitambaa. Mtengenezaji amelifunga, na unachoweza kufanya ni kutumia kidude cha kubadilisha rangi kilichokuja na vazi, kama kipo.

Likiwa linarekebishika na kunakilika, tengeneza nakala, uipe jina jipya, na ufanyie kazi hiyo nakala tu. Nakala ya asili usiiguse.

Hatari iko kwenye vazi linalorekebishika lakini halinakiliki. Ukiweka picha yako juu yake, ile ya mtengenezaji imeondoka, na mara nyingi huna nakala yake ya kurudishia. Nilipoteza koti langu la kwanza kwa namna hiyo. Nilitaka kujaribu rangi moja tu, nikafunga dirisha, na kitambaa cha asili hakikurudi tena. Tangu siku hiyo vazi la aina hiyo silijaribii kitu mpaka niwe na picha mpya iliyokamilika na nina hakika naitaka.

Kundi la mwisho ni mavazi ya ruhusa zote, ambayo waundaji wa maumbo huwauzia watu wanaotaka kuweka vitambaa vyao wenyewe. Haya ndiyo bora kwa kujifunzia, kwa sababu huja na ramani ya UV na picha ya vivuli. Soma leseni yake mpaka mwisho. Kwa kawaida inakuruhusu kuuza vazi ulilolipamba na kukukataza kugawa umbo lenyewe likiwa na ruhusa zote.

Vifaa

Unahitaji programu ya picha yenye leya, yaani matabaka yanayopandana. GIMP na Krita ni za bure na zinatosha kwa kila kitu nitakachoeleza hapa. Programu ya kuingilia Second Life inaweza kuwa ile rasmi au Firestorm. Ukiwa na Blender, programu ya maumbo ya 3D ambayo nayo ni ya bure, na ukawa na faili la umbo, utaweza kuona kitambaa juu ya vazi ukiwa nje ya ulimwengu. Si lazima.

Hatua ya 1: ijue ramani ya vazi lako

Kama ramani ya UV imekuja na vazi, ifungue kwenye GIMP, iweke leya ya juu kabisa, ipunguze ukolezi mpaka mistari ionekane kwa mbali, kisha ifunge isisogee. Hiyo ndiyo dira yako.

Kama haikuja, itafute mwenyewe. Tengeneza picha ya pikseli 1024 kwa 1024. Igawe kwa miraba 8 kwenda upande na 8 kwenda chini, kila mraba ukiwa na pikseli 128. Andika ndani yake herufi na namba: A1, B1, C1 mpaka H8. Kila safu ipe rangi yake. Iweke picha hiyo juu ya vazi (hatua ya 6 inaeleza namna ya kuiweka bila kulipa) halafu lizunguke vazi taratibu, ukipiga picha mbele, nyuma, ubavuni, chini ya kwapa na ndani ya pindo.

Picha hiyo moja itakufundisha mambo manne. Utajua kila sehemu ya vazi imetoka wapi kwenye mraba. Utajua kipande kimelazwa kuelekea wapi, maana herufi zitasimama, zitalala au zitapinduka kichwa chini. Utajua kama mkono wa kushoto na wa kulia vinatumia sehemu ileile ya picha: ukiona C5 mikononi kote na upande mmoja herufi imegeuka kama kwenye kioo, elewa kwamba maandishi yoyote utakayoweka hapo yatasomeka vizuri mkono mmoja tu. Na utajua ni sehemu gani zimepewa pikseli nyingi. Mraba ukionekana mkubwa juu ya vazi, hapo pikseli ni chache, na michoro midogo itatoka na ukungu. Mraba ukionekana mdogo, unaweza kuweka uzi mpaka wa tundu la kifungo.

Usiione kazi hii kuwa ya kupoteza muda. Dakika ishirini za kuisoma ramani zinaokoa jioni nzima ya kubahatisha.

Jambo jingine la kuangalia ni idadi ya nyuso. Kipande kimoja cha meshi, yaani lile umbo la pembetatu, kinaweza kuwa na nyuso hadi nane, na kila uso hubeba picha yake. Kwenye koti, vifungo vinaweza kuwa uso mmoja, bitana mwingine, kitambaa cha nje wa tatu. Weka nakala ya vazi chini, mahali panaporuhusu kujenga, bofya kulia, chagua Edit, kisha Select Face, na ubofye sehemu moja baada ya nyingine. Andika pembeni uso upi ni upi.

Hatua ya 2: chagua ukubwa wa picha

Pande za picha ziwe 256, 512, 1024 au 2048. Ukipakia kipimo cha katikati, programu itakivuta kifike kimojawapo, na mistari yako iliyonyooka itapoteza makali.

Kishawishi ni kuchagua kubwa kuliko zote. Fikiria kwanza mzigo wake. Picha ya 1024 kwa 1024 yenye chaneli ya uwazi, ikishafunguliwa kwenye kumbukumbu ya kadi ya michoro, inachukua megabaiti 4. Ya 2048 inachukua 16. Ya 512 inachukua 1. Vazi lenye nyuso nane, kila uso ukiwa na 2048, linamtwika kila aliyesimama karibu nawe megabaiti 128 kwa sababu ya koti lako peke yake. Mimi nafanya hivi: kitambaa kikuu 1024, vifungo na zipu 256, bitana isiyoonekana sana 512. Gauni refu lililo kipande kimoja ndilo pekee ninalolifikiria kwa 2048.

Hatua ya 3: tafuta au tengeneza kitambaa

Kitambaa kizuri kwa kazi hii kina sifa mbili: kinajirudia bila kuonyesha kiungo, na mwanga wake umetulia sawasawa kote. Picha iliyopigwa huku dirisha likiwa upande mmoja itakuwa na ukingo mweupe na ukingo mweusi. Ukiirudia mara nne utapata madoa kama ya ubao wa drafti.

Vyanzo salama vipo. Poly Haven na ambientCG hutoa teksicha chini ya CC0, maana yake waliozitengeneza wameachilia haki zao na unaweza kuzitumia hata kwenye vazi la kuuza. Unaweza pia kuchukua kitambaa chako mwenyewe, ukakipiga pasi na kukilaza juu ya skana. Skana ina mwanga sawa kote, kwa hiyo nusu ya tatizo imekwisha kabla hujaanza.

Kuondoa kiungo, fungua picha kwenye GIMP na utumie Offset kuisogeza kwa nusu ya upana na nusu ya urefu. Kingo zitahamia katikati na kufanya msalaba unaoonekana wazi. Upake msalaba huo kwa kifaa cha Clone au Heal mpaka upotee, bila kugusa kingo mpya. Krita ina njia ya starehe zaidi: bonyeza herufi W, na turubai itajirudia pande zote huku unachora, kwa hiyo kiungo unakiona kikiwa bado kibichi.

Ukitaka michoro ya kwako, iwe maua, nukta au mirabaraba, chora kipande kimoja kinachojirudia, kisha kijaze kwenye leya nzima kama mchoro wa kujazia.

Hatua ya 4: kata kitambaa kwa kipimo

Hapa ndipo vazi linapoharibika au linapopona.

Kosa la kawaida kuliko yote ni ukubwa wa mchoro. Mtu anachukua kitambaa cha maua, anakimwaga juu ya ramani, na avata inatoka na ua moja lililofunika kifua kizima. Fundi asingefanya hivyo, kwa sababu angepima. Nawe pima. Chukua kipande cha mbele cha shati kwenye ramani yako, uhesabu upana wake kwa pikseli. Tuseme ni 360. Kifua cha mtu mzima, upande wa mbele, tukikadirie sentimita 45. Gawanya: sentimita moja ni pikseli 8. Sasa kila kitu kina jibu. Kifungo cha sentimita moja ni pikseli 8. Ua la sentimita 4 ni pikseli 32. Yule aliyeweka ua la pikseli 150 aliweka ua la karibu sentimita 19, na haishangazi kwamba vazi lilionekana kama pazia.

Hesabu hiyohiyo inakuambia kitu cha kuacha. Uzi wa jinzi ni mwembamba kuliko milimita moja, yaani haufiki pikseli moja. Ukijaribu kuchora kila uzi utapata chembechembe zinazomemeta avata inapotembea. Weka mchirizi hafifu wa kuashiria mshazari wa ufumaji, basi. Jicho litamalizia lenyewe.

Baada ya kipimo, angalia mwelekeo. Vipande havikulazwa vyote vikielekea juu. Mkono wa shati mara nyingi umelala ubavu, na ukosi umepinda kama mwezi mchanga. Kwa hiyo usimwage kitambaa mara moja juu ya ramani nzima. Kila kipande kipe leya yake, chagua eneo lake, na uzungushe kitambaa mpaka uzi wake uelekee kule ungeelekea vazi likivaliwa. Mistari ya mkono iteremke kutoka begani kwenda kiganjani. Mistari ya kiuno cha suruali iende kwa mlalo.

Kisha kutanisha mishono. Kwa kitambaa cha rangi moja hili halina shida. Kwa mistari na mirabaraba ndilo linalomtofautisha aliyejifunza na aliyebahatisha. Rudi kwenye picha ulizopiga ukiwa na miraba ya herufi. Ubavuni, angalia mstari wa chini wa A3 umekutana na nini upande wa mgongo. Kama umekutana na katikati ya F3, sogeza kitambaa cha mgongo pikseli 64. Usitegemee kupatia mara ya kwanza. Anza na mshono unaoonekana zaidi, ambao kwa shati ni wa mbele kwenye vifungo, kisha mbavu, kisha mabega. Chini ya kwapa haitakutana vizuri, na hata kwenye nguo za kushonwa hapo hapakutani.

Mwisho wa hatua hii, acha pambizo. Rangi ya kila kipande itokeze nje ya mpaka wake kwa pikseli 8 kwenye picha ya 512, na 16 kwenye picha ya 1024. Sababu yake ni kwamba vazi likitazamwa kwa mbali, kompyuta hutumia matoleo madogo ya picha hiyo, na katika kuipunguza huchanganya pikseli za jirani. Kama nje ya mpaka kuna weupe, weupe huo utaingia kwenye mshono na utaona nyuzi nyeupe zikitambaa ubavuni.

Hatua ya 5: vivuli

Kitambaa peke yake, hata kikikatwa vizuri, kitaonekana kama karatasi iliyobandikwa. Kinachokipa uzito ni vivuli vya mikunjo.

Vazi la ruhusa zote kwa kawaida huja na picha ya kijivu inayoitwa AO, yenye giza mahali mwanga hauingii kwa urahisi: ndani ya mikunjo, chini ya ukosi, pembeni ya mfuko. Iweke leya ya juu ya kitambaa na ubadilishe hali yake iwe Multiply. Nyeupe yote itapotea na giza litabaki juu ya kitambaa. Anza na ukolezi wa asilimia 60 au 70. Kwa kitambaa cheupe punguza zaidi, la sivyo kitaonekana kichafu. Kwa kitambaa cheusi AO haionekani kabisa, na hapo inabidi ufanye kinyume: ongeza leya ya mwanga hafifu juu ya migongo ya mikunjo.

Kwa sababu hiyohiyo nakuomba usitumie nyeusi kamili wala nyeupe kamili. Nyeusi yangu huanzia kwenye thamani 25 hivi kati ya 255, na nyeupe yangu huishia 235. Ukivuka hapo, mwanga wa ulimwengu hauna tena nafasi ya kufanya kazi yake. Mikunjo inamezwa, na vazi linageuka kivuli kitupu.

Kama AO haipo, paka kwa mkono. Tumia brashi laini na rangi ile ya kitambaa iliyotiwa giza, si nyeusi. Kivuli cha kitambaa chekundu kinaelekea damu ya mzee. Anza kwenye viungo vya mwili, yaani kiwiko, kwapa, kinena na nyuma ya goti, kwa sababu ndipo kitambaa kinapobanana, kisha weka kivuli chembamba chini ya kila pindo. Ishia hapo mpaka utakapoona vazi limevaliwa.

Hatua ya 6: jaribu bila kulipa

Kupakia picha isiyozidi 1024 kwa 1024 kunagharimu L$10, yaani dola kumi za Linden, fedha ya humo. Ni fedha kidogo, lakini vazi moja linaweza kukuhitaji ujaribu mara arobaini, na mtu anayelipa kila mara huanza kuridhika mapema kuliko inavyostahili. Tumia picha za ndani ya kompyuta yako.

Hifadhi kazi yako kama PNG. Vaa vazi, libofye kulia, chagua Edit, nenda kwenye kichupo cha Texture na ubofye kisanduku cha picha. Kwenye dirisha litakalofunguka chagua Local, kisha Add, utafute faili lako, ulichague. Vazi litabadilika papo hapo. Uzuri wake ni kwamba kila ukihifadhi upya faili lilelile kutoka GIMP, vazi linajisasisha lenyewe baada ya sekunde chache. Unaweza kuweka madirisha mawili pembeni kwa pembeni na kusogeza mistari ya ubavu huku ukiiona ikikutana.

Picha hii unaiona wewe tu, na ukitoka ulimwenguni inapotea. Usitoke nayo mkutanoni ukidhani umevaa.

Wakati wa kujaribu, usisimame tu. Tembea, kaa, inua mikono. Badilisha mwanga: adhuhuri, machweo, usiku wa manane. Vazi lililopendeza machweo linaweza kuonekana limefubaa adhuhuri. Sogeza kamera mbali mpaka avata iwe ndogo kama kidole, uone kama mchoro bado unasomeka au umegeuka vumbi.

Hatua ya 7: uwazi, kwa wanaotaka lesi, wavu na pindo zilizochanika

Kama vazi lako halina sehemu inayoonyesha ndani, ondoa kabisa chaneli ya alfa, yaani ile ya uwazi, kabla ya kuhifadhi. GIMP ina Remove Alpha Channel kwenye menyu ya leya. Hili ni dogo na linasahaulika. Picha yenye chaneli hiyo, hata kama kila pikseli imejaa rangi, inaweza kuchukuliwa kuwa ya uwazi, na ndipo unapoona nywele zikitoboa koti, au sketi ikitoweka ukisimama mbele ya maji. Kompyuta inashindwa kujua kipi kiko mbele ya kipi pale vitu viwili vya uwazi vinapopandana.

Ukihitaji uwazi kweli, chagua kati ya njia mbili kwenye kichupo cha Texture. Alpha blending hutoa uwazi wa polepole unaofaa shifoni na soksi nyembamba, lakini ndiyo yenye ugomvi huo wa mbele na nyuma. Alpha masking haijui nusu: pikseli ama ipo ama haipo, na wewe unaweka kizingiti kati ya 0 na 255. Kwa lesi, wavu na pindo zilizochanika, chagua masking. Kingo zitakuwa kali kidogo, lakini hakuna kitakachotoboa.

Tatizo la pili ni ukingo mweupe unaozunguka kila tundu la lesi. Linatokana na rangi iliyojificha chini ya sehemu zinazoonyesha ndani. Weka chini ya lesi leya iliyojaa rangi ileile ya uzi, tengeneza uwazi kwa kinyago (layer mask) badala ya kifutio, na wakati wa kuhifadhi PNG kwenye GIMP weka alama kwenye chaguo la kuhifadhi rangi za pikseli zisizoonekana.

Hatua ya 8: pakia na uvike

Sasa lipa. Chagua Build, kisha Upload, kisha Image, au bonyeza Ctrl na U. PNG na TGA ni salama. JPEG iache, kwa sababu tayari imepoteza ubora na seva itaibana tena kwa JPEG 2000. Jina liwe na maana: shati-mirabaraba-bluu-mbele ni bora kuliko jaribio17, hasa baada ya miezi sita. Kisha rudi kwenye kisanduku kilekile cha Texture na uchague picha mpya kutoka Inventory badala ya ile ya Local. Fanya hivyo kwa kila uso.

Vazi likiwa na PBR

Tangu mwishoni mwa mwaka 2023 Second Life inakubali vifaa vya PBR, mfumo unaoiga jinsi vitu halisi vinavyoakisi mwanga, na hapa mkono wa zamani unabidi ujifunze upya. Kitambaa hakiwi picha moja tena: kuna rangi ya msingi, kuna picha ya matuta, na kuna picha moja inayobeba mambo matatu kwenye chaneli zake. Nyekundu hubeba vivuli vya AO, kijani hubeba ukwaruzo, bluu hubeba umetali.

Kwa hiyo usiichanganye AO na rangi ya msingi. Ipeleke kwenye chaneli nyekundu, la sivyo utapata vivuli mara mbili. Ukwaruzo ndio utakaokufurahisha zaidi: hariri na pamba zinaweza kuwa na rangi ileile kabisa, na tofauti yao yote ikawa kwenye chaneli hiyo ya kijani. Pamba ipe thamani ya juu, hariri ishushe. Umetali wa kitambaa ni sifuri daima, ila kwa zipu na vifungo vya chuma.

Picha ya matuta iwe ya mtindo wa OpenGL. Mikunjo ikionekana imebonyea pale inapopaswa kuinuka, geuza chaneli ya kijani ya picha hiyo. Na ukibadilisha picha kwenye sehemu ya zamani ya kichupo cha Texture bila kuona mabadiliko yoyote, angalia kama uso huo una kifaa cha PBR, kwa sababu kikiwepo ndicho kinachoonyeshwa.

Nguo za kupakwa mwilini

Soksi, fulana za kubana, glavu na michoro ya ngozi havihitaji meshi. Hupakwa juu ya violezo vya mwili vya Second Life yenyewe, kimoja cha kiwiliwili cha juu na kingine cha chini. Kwa miaka mingi nguo hizi hazikuonekana juu ya miili ya meshi bila ujanja, mpaka Bakes on Mesh, uwezo wa kuzipaka moja kwa moja juu ya meshi, ilipoanza mwaka 2019. Sasa zinaonekana, na ndizo rahisi kuliko zote kwa anayeanza: hazina AO ya kutafuta, hazina nyuso za kuchagua, na mwili haupenyi kwenye nguo. Mshono wa kuangalia ni wa kiunoni, mahali violezo viwili vinapokutana.

Faili la kazi

Usifute faili la GIMP baada ya kupakia. Panga leya zake hivi, kutoka chini: rangi ya msingi, kitambaa, nakshi na vifungo, vivuli, mwanga, na ramani ya UV juu kabisa ikiwa imefichwa. Mtu akikuomba shati hilohilo kwa kijani, utagusa leya ya chini peke yake na kuhifadhi upya. Ndani ya folda hiyohiyo weka nakala ya leseni ya umbo na ukurasa wa chanzo cha kitambaa. Kamwe usiweke humo picha iliyonyofolewa kwenye vazi la mtengenezaji mwingine, wala nembo ya kampuni ambayo haijakuruhusu, kwani vazi lenye vitu hivyo linaweza kuondolewa sokoni pamoja na akaunti yako.

Kabla hujalitangaza vazi, mwombe mtu mwenye kompyuta tofauti na yako akutazame na akupigie picha mbili, moja ya karibu na moja ya mbali. Mpangilio wake wa mwanga si wako, wala kioo chake si chako. Ukiona kwenye picha zake doa ambalo kwako halikuwepo, fungua faili, ongeza pambizo au punguza ukolezi wa vivuli, ujaribu tena kwa Local, kisha upakie mara ya mwisho.